Hataza za Ghalani na Kiwandani: Mvumbuzi Anapata Nini, Nasi Tunakosa Nini

Mwezi Julai 2023 kampuni mbili zinazounda roboti za ghalani zilitangaza kumaliza kesi zote zilizokuwa kati yao. AutoStore ya Norway ilikubali kuilipa Ocado ya Uingereza pauni milioni 200, kwa mafungu ya kila mwezi katika muda wa miaka 2, na kila upande ukaruhusiwa kutumia hataza za mwenzake za kabla ya mwaka 2020. Aliyefuatilia mgogoro ule tangu mwanzo lazima alishtuka. AutoStore ndiyo iliyokwenda mahakamani kwanza, Oktoba 2020, ikidai kwamba Ocado imechukua uvumbuzi wake. Ndiyo iliyokuwa na mvumbuzi wa asili. Mwishowe ikawa ndiyo inayolipa.

Kesi hiyo inavunja dhana iliyozoeleka huku kwetu, kwamba mwenye hataza ana mali mkononi na asiye nayo amefungiwa mlango. Hataza ni hati ya muda, ya nchi moja moja, inayomtaka mvumbuzi aeleze siri yake hadharani, na thamani yake hutegemea karakana, mtaji na nidhamu ya anayeishika. Nikitazama mashine za ghalani na za kusindika chakula, naona Afrika Mashariki inapoteza mara mbili: hatusomi hataza za wengine ambazo kwetu ziko wazi, na wavumbuzi wetu wanaonyesha kazi zao kabla ya kuzilinda.

Mvumbuzi huyo wa asili wa AutoStore, Ingvar Hognaland, alikuwa mhandisi katika kampuni ya Jakob Hatteland, wauzaji wa vifaa vya elektroniki huko Nedre Vats, magharibi mwa Norway. Miaka ya 1990 ghala lao lilijaa. Alipolitazama aliona kwamba sehemu kubwa ya nafasi waliyokuwa wakiigharamia ni hewa tupu: njia za watu na mashine kupita, na uwazi uliobaki juu ya rafu. Akaziondoa njia zote. Masanduku ya plastiki yakapangwa moja juu ya jingine, safu zikibanana, ndani ya fremu ya alumini. Juu ya fremu zikawekwa reli, na juu ya reli roboti zenye magurudumu ya kwenda mbele na ya kwenda ubavuni. Roboti ikifika juu ya safu inayotakiwa huteremsha kishikio kwa mikanda, hunasa sanduku na kulivuta juu. Sanduku likiwa chini kabisa, roboti huanza kuyaondoa yaliyolilalia, moja moja. Mtu akiona anaweza kudhani ni kazi ya hasara, lakini ina faida ambayo haionekani mara moja: bidhaa inayoulizwa kila siku huishia juu, isiyoulizwa huzama chini, na hakuna mtu aliyekaa kuzipanga.

Ocado huuza vyakula kwa mtandao. Ilikuwa mteja wa AutoStore tangu mwaka 2012, kisha ikajenga fremu zake na roboti zake. Hapo ndipo ugomvi ulipoanzia. Machi 2023 Mahakama Kuu ya Uingereza ilitamka kwamba hataza za AutoStore zilizokuwa mbele yake ni batili, na sababu yake ni ya kutafakariwa na kila mvumbuzi. Mwaka 2010, kabla ya kuomba hataza hizo, AutoStore ilikuwa ikitafuta kuiuzia Benki Kuu ya Urusi mfumo wa kuhifadhia, kupitia kampuni ya Kirusi. Katika mazungumzo hayo ilieleza jinsi roboti yake mpya ilivyo, na wasikilizaji hawakuwa wamefungwa na wajibu wa kutunza siri. Kilichokwisha kuelezwa namna hiyo kimekuwa cha umma, mahakama ikasema, na cha umma hakipewi hataza. Hata kabla ya hapo, Desemba 2021, jaji wa Tume ya Biashara ya Kimataifa ya Marekani alikwishaona kwamba hataza tatu za AutoStore ni batili na ya nne haikuvunjwa. Mazungumzo ya kawaida ya kutafuta mteja yaliangusha kilichogharimu miaka ya kazi.

Wengi huichanganya hataza na alama ya biashara au hakimiliki, kwa hiyo nieleze kwa ufupi. Mvumbuzi anaiandikia serikali jinsi kifaa chake kinavyofanya kazi, kwa undani wa kumwezesha fundi wa fani hiyo kukiunda. Kwa malipo ya uwazi huo, serikali inampa haki ya kuwazuia wengine wasikiunde wala kukiuza ndani ya nchi hiyo kwa muda, ambao katika nchi nyingi ni miaka 20 tangu siku ya kuomba. Mwishoni mwa hati kuna sehemu iitwayo madai, nayo hufanya kazi kama mawe ya mpaka wa shamba: kilichobaki nje yake ni cha kila mtu, hata kama kimechorwa kwa ustadi katika kurasa za mbele. Muda ukiisha, vyote ni vya kila mtu. Na katika nchi ambayo mvumbuzi hakuomba ulinzi, hana haki ya kumzuia yeyote tangu siku ya kwanza.

Marekani kuna kisa kinachoonyesha hataza ikifanya kazi vizuri, kisha ikabadilika sura. Webvan ilikuwa kampuni ya California iliyouza vyakula kwa mtandao. Mwaka 1999 ilitia saini na Bechtel mkataba wa dola bilioni 1 wa kujenga maghala 26 yenye mikanda na mitambo mikubwa ya kuzungusha bidhaa. Julai 2001 ilifilisika. Mick Mountz, aliyekuwa akifanya kazi humo, aliondoka na somo moja: mikanda ikishafungwa sakafuni haihami, na mtu anayezunguka kuokota vitu vidogo vidogo vya oda moja hula faida yote ya oda hiyo. Akaona rafu ndiyo imfuate mtu. Mwaka 2003 akaanzisha Kiva Systems, akashirikiana na Peter Wurman, mtaalamu wa kompyuta, na Raffaello D'Andrea, mhandisi ambaye timu zake za Chuo Kikuu cha Cornell zilikuwa mabingwa wa dunia wa mpira wa roboti.

Roboti ya Kiva ilikuwa fupi, ya rangi ya machungwa, ikipita chini ya rafu na kusoma alama zilizobandikwa sakafuni ili ijue ilipo. Tazama ilivyonyanyua mzigo. Mgongoni ilikuwa na skrubu kubwa inayozunguka ili kupandisha rafu. Lakini skrubu ikizunguka, rafu nayo itazunguka na kugonga za jirani. Kwa hiyo roboti yenyewe ilijigeuza upande wa pili kwa mwendo ule ule, na rafu ikapanda juu imetulia. Utatuzi wa namna hiyo ndio unaostahili hataza: tatizo dogo la kweli, jibu ambalo halikuwa dhahiri, na chuma kinachothibitisha kwamba jibu linafanya kazi. Mojawapo ya hataza zao za msingi iliombwa mwaka 2004 na kutolewa mwaka 2008.

Machi 2012 Amazon iliinunua Kiva kwa dola milioni 775, kisha ikaacha kuwauzia wengine roboti hizo. Maduka kama Staples na Walgreens, yaliyokuwa yakizitumia, yakajikuta yanategemea teknolojia iliyo mikononi mwa mshindani wao. Hapo hataza iligeuka uzio. Lakini uzio huo haukufunga njia zote. Quiet Logistics, kampuni ya Massachusetts iliyokuwa mteja wa Kiva, iliunda roboti ya namna nyingine kabisa. Hiyo hainyanyui rafu. Huongozana na mfanyakazi kwenye rafu na kubeba anachookota. Ndiyo iliyozaa kampuni ya Locus Robotics. China nako ikazaliwa Geek+. Mwaka 2025 Amazon ilitangaza kwamba imefikisha roboti milioni 1 katika maghala yake, na washindani wake nao wanauza dunia nzima. Kwa maoni yangu, Amazon ilinunua zaidi ya hataza. Ilinunua wahandisi, programu na miaka kadhaa ya kutangulia. Hati peke yake isingefikia bei hiyo.

Kuna aliyejaribu kuthibitisha kinyume, na kwa muda mrefu alifaulu. Jerome Lemelson, aliyezaliwa New York mwaka 1923, alipata hataza zaidi ya 600 katika maisha yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 aliona mashine ya kukereza vyuma ikiongozwa na kadi zilizotobolewa, akajiuliza kwa nini kiwanda kizima kisiongozwe hivyo: mashine ipime, itazame, ichague na kupanga yenyewe. Mwaka 1954 aliwasilisha ombi la kurasa takriban 150. Baadhi ya mawazo yake yalihusu ghala linalojiendesha, na mwaka 1964 kampuni ya Triax ya Ohio ilichukua leseni ya mfumo wake huo. Huyu alikuwa mvumbuzi wa kweli, na simkubalii anayemwita tapeli. Kampuni kubwa za wakati ule zilikuwa na tabia ya kulichukua wazo la mtu asiye na kiwanda na kumwambia akashitaki anakotaka.

Lakini aliyoyafanya baadaye yaliharibu jina la hataza yenyewe. Sheria ya Marekani wakati huo ilihesabu miaka 17 tangu siku hataza ilipotolewa, bila kujali iliombwa lini. Lemelson aliligawa ombi lake la zamani katika maombi mapya, mengine yakakaa ofisini kwa miongo kadhaa, na madai yakaandikwa upya kila viwanda vilipoendelea. Hataza zilipotolewa hatimaye, dunia ilikuwa imejaa mashine za kusoma alama za mistari na kamera za kukagua bidhaa, na wenye viwanda wakapokea barua za kudaiwa. Mawakili wa huko waliziita hataza hizo nyambizi, kwa sababu zilikaa chini ya maji hadi meli zikafika. Wengi walilipa ili waepuke gharama za kesi; jumla ya malipo ilizidi dola bilioni 1. Watengenezaji wa mashine hizo, Symbol na Cognex miongoni mwao, hawakukubali. Januari 2004, Lemelson akiwa amekwishafariki tangu 1997, jaji Philip Pro wa Nevada aliamua kwamba madai hayo hayawezi kutekelezwa kwa sababu ya ucheleweshaji usio na udhuru, na mahakama ya rufaa ikakubaliana naye mwaka 2005. Bunge lilikuwa limeshabadili hesabu: kwa maombi ya kuanzia Juni 1995, muda ni miaka 20 tangu kuomba. Aliyechelewesha ombi sasa anajipunja mwenyewe.

Upande wa chakula historia ni ndefu zaidi, na ina uchungu zaidi. Norbert Rillieux alizaliwa New Orleans mwaka 1806, baba yake akiwa mhandisi Mzungu, mama yake mwanamke huru mwenye asili ya Kiafrika. Alisomea Paris na kufundisha huko. Aliporudi Louisiana alikuta sukari ikipikwa kama ilivyopikwa visiwani Karibi: masufuria makubwa ya wazi yamepangwa mstari juu ya moto, na watumwa wakihamisha juisi ya miwa inayochemka kwa upawa mrefu, kutoka sufuria moja hadi nyingine. Wengi waliungua. Sukari yenyewe iliungua pia, kuni ziliteketea, na mvuke wote ulipotelea hewani.

Rillieux aliona kwamba mvuke uliokuwa ukipotea ndio moto wa bure. Aliifungia juisi ndani ya matangi. Mvuke uliotoka katika tangi la kwanza ukapelekwa kulipasha la pili, ambamo hewa ilikuwa imepunguzwa. Na hewa ikipungua, kimiminika huchemka kwa joto dogo zaidi. Mvuke wa la pili ukalipasha la tatu, lenye hewa kidogo zaidi. Kuni za mara moja zikafanya kazi mara tatu, juisi haikuungua, na hakuna mkono uliohitajika kuikaribia. Alipata hataza mwaka 1843 na nyingine mwaka 1846. Wenye mashamba walitajirika nayo. Yeye, kwa rangi yake, alizidi kubanwa na sheria za jimbo lake, akarudi Ufaransa na kufia huko mwaka 1894. Hataza ilimpa haki juu ya matangi. Haikumpa haki ya kuheshimiwa na walionunua matangi hayo.

Ingia leo katika kiwanda chochote cha sukari ya miwa, iwe Kilombero, TPC ya Moshi au Kakira ya Uganda, utakuta matangi marefu yamesimama kwa mfululizo, bomba la mvuke likitoka kichwani mwa moja na kuingia tumboni mwa linalofuata. Kanuni ni ya Rillieux. Haki yake iliisha zaidi ya karne moja iliyopita, na mtu yeyote anaweza kuunda matangi hayo. Hata hivyo idadi ya karakana zetu zinazoweza kuyaunda kwa ukamilifu, pamoja na pampu za kuondoa hewa na vipimo vyake, ni ndogo mno.

Clarence Birdseye alikuwa na bahati ya kuishi katika zama zilizomkubali. Huko Labrador, kati ya 1912 na 1915, aliwaona wenyeji wa Kiinuti wakivua samaki katika baridi kali, samaki akiganda papo hapo; na alipoyeyushwa miezi kadhaa baadaye nyama yake ilikuwa bado nzuri. Akaelewa kwamba siri ni kasi. Nyama ikiganda polepole, maji yaliyomo hujenga barafu kubwa kubwa zinazopasua nyuzi zake, na ikiyeyuka hutoa maji na kulegea. Ikiganda kwa haraka, chembe za barafu hubaki ndogo. Mashine zake zilibana pakiti za samaki au mboga kati ya vyuma viwili vilivyopozwa, baridi ikaingia juu na chini kwa mpigo. Mwaka 1929 aliuza kampuni na hataza zake kwa dola milioni 22.

Wale Wainuti hawakupata hata senti. Sheria ya hataza haikuwa na nafasi kwa ujuzi wa jamii nzima usiokuwa na tarehe wala sahihi, na jambo hilo halijatatuliwa vya kutosha mpaka leo. Nalitaja kwa sababu huku kwetu tuna ujuzi mwingi wa aina hiyo: kukausha muhogo, kuanika dagaa, kuhifadhi nafaka kwa majivu na majani. Usipoandikwa na wenyewe, utaandikwa na mwingine.

Minofu ya sangara iliyogandishwa inayotoka Mwanza, Kisumu na Entebbe kwenda Ulaya hutegemea kanuni hiyo hiyo ya kasi. Na katika barabara zetu kuu utaona malori yenye sanduku la baridi juu ya kichwa cha dereva, mengine yameandikwa Thermo King. Asili ya mashine hiyo ni Frederick McKinley Jones, Mmarekani Mweusi aliyekua bila wazazi na kujifunza ufundi kwa mikono yake, aliyepata hataza zaidi ya 60. Hati zote hizo za mwanzo zimekwisha muda.

Sasa tutazame kwetu kwa makini, tuanze na korosho. Kati ya miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1980 Tanzania ilijenga viwanda 12 vya kubangua korosho, vingi vikiwa Mtwara na Lindi, sehemu kubwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Mitambo ilitoka Italia na Japani. Leseni haikuwa tatizo, wala hataza haikumzuia mtu; mashine zilinunuliwa na kufungwa. Lakini korosho huja kwa ukubwa tofauti na ganda lililopinda, na ndani ya ganda kuna mafuta yanayounguza ngozi. Wanawake wanaobangua kwa mkono hupaka majivu au mafuta vidoleni, na mkono wao huhisi pa kukaza na pa kulegeza. Mashine za wakati ule hazikuwa na hisia hiyo. Zilivunja korosho nyingi, na korosho iliyovunjika bei yake ni ndogo sana kuliko nzima. Spea zilitakiwa kuagizwa kwa fedha za kigeni ambazo hazikuwepo. Wakati huo huo mavuno yalianguka kutoka takriban tani 145,000 msimu wa 1973/74 hadi chini ya tani 20,000 katikati ya miaka ya 1980, kwa sababu ya bei mbaya, watu kuhamishwa mbali na mikorosho yao na ugonjwa wa ubwiriunga. Viwanda vikafungwa. Baadaye vilipobinafsishwa, baadhi vikawa maghala ya kuwekea korosho ghafi inayosubiri meli.

Vietnam ilipita njia nyingine. Mafundi wake walitengeneza mashine za kubangua na kumenya, wakazirekebisha msimu hadi msimu kando ya viwanda vyenyewe, na leo watengenezaji wao wanauza mashine hizo hadi Afrika. Sehemu kubwa ya korosho yetu bado inasafirishwa ikiwa ghafi kwenda India na Vietnam. Sioni namna ya kumlaumu mwenye hataza kwa hali hiyo. Tulinunua chuma bila kununua uwezo wa kukirekebisha.

Ghala nalo lina habari yake. Mfumo wa stakabadhi ghalani, uliowekewa sheria mwaka 2005 na kuanza kutumika kwa korosho msimu wa 2007/08, ulimtaka mkulima apeleke mazao kwenye ghala lililosajiliwa, yapimwe, apewe hati, yauzwe kwa mnada. Kenya ilitunga sheria yake mwaka 2019. Ni mfumo wa karatasi na uaminifu, na unasimama juu ya mambo ya kimwili kabisa: mizani, unyevu, magunia kwenye chaga, paa lisilovuja. Katika maghala mengi gunia la kilo 80 hupanda mgongoni mwa mtu na kushuka mgongoni mwa mtu. Hatuhitaji roboti ya Kiva pale, kwa sababu hesabu yake imejengwa juu ya mishahara ya Marekani na oda za vitu vidogo maelfu kwa siku. Kinachohitajika ni mkanda wa kupandisha magunia unaohamishika, mizani inayotuma uzito moja kwa moja kwenye stakabadhi bila mkono wa karani kuingilia, na kipima unyevu kilichohakikiwa. Vyote hivyo vina historia ndefu katika hati za hataza zilizokwisha muda, na michoro yake ipo.

Uvumbuzi uliotufaa zaidi katika hifadhi haukuwa na injini. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Larry Murdock wa Chuo Kikuu cha Purdue, akifanya kazi na wakulima wa kunde wa Cameroon, alionyesha kwamba nafaka ikifungiwa hewa kabisa, wadudu waliomo humaliza oksijeni na kushindwa kuendelea. Mifuko ya PICS iliyotokana na kazi hiyo, yenye mifuko miwili myembamba ya plastiki ndani ya gunia moja, ilifika Tanzania, Kenya na Uganda kupitia watengenezaji wa hapa hapa na wauzaji wa pembejeo. Mkulima anafunga mfuko wa kwanza, anaufunga wa pili, anafunga gunia, hakuna dawa. Uliweza kuenea kwa sababu kila mtu angeweza kuelewa unavyofanya kazi na kiwanda cha mifuko cha kawaida kingeweza kuutengeneza.

Pita Gerezani Dar es Salaam, Kamukunji Nairobi au Katwe Kampala utamwona fundi amefungua mashine ya kukoboa mahindi, amepima puli na shafti, amechonga chekecheo jipya kwa bati, na baada ya siku chache ana mashine ya pili. Mtu huyu ana uwezo. Alichokosa ni maelezo: kwa nini mwendo wa shafti ni huo, ukiongezeka nini kinavunjika, aliyebuni alijaribu nini kikashindikana. Mengi ya hayo huweza kupatikana ndani ya hati ya hataza, ambayo kwa sheria lazima ieleze jinsi kifaa kinavyoundwa. Hati hizo zinapatikana bure mtandaoni kwenye PATENTSCOPE ya Shirika la Miliki Ubunifu Duniani na Espacenet ya Ulaya, kwa Kiingereza, Kifaransa, Kijerumani, Kichina, Kijapani. Kwa Kiswahili hazipo, na hilo linamwacha nje yule ambaye zingemfaa kuliko wote.

Wapo wanaoogopa kwamba kutumia hati hizo ni wizi. Si wizi pale muda ulipokwisha, au pale ulinzi haukuombwa katika nchi yetu. Anayetaka uhakika aende ofisi ya usajili, BRELA kwa Tanzania Bara, KIPI kwa Kenya, au aangalie kumbukumbu za ARIPO mjini Harare, ambako ombi moja laweza kutaja nchi nyingi chini ya Itifaki ya Harare ya 1982. Zanzibar ina sheria yake. Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi, zikiwa katika kundi la nchi zenye maendeleo duni, zimepewa na Shirika la Biashara Duniani hadi Julai 1, 2034 kabla ya kubanwa na masharti mengi ya mkataba wa miliki. Kenya haimo katika nafuu hiyo. Muda huo unakwenda, na nafuu isiyotumika haiongezi kiwanda hata kimoja.

Upande wa pili wa hasara yetu uko Sabasaba, Nanenane na kwenye maonyesho ya Jua Kali. Kijana anakuja na mashine ya kumenya muhogo, anaiwasha mbele ya umati, anaeleza kila gia, kamera za simu zinapiga picha. Anapewa cheti na kupongezwa na mgeni rasmi. Wakati huo huenda ameshaipoteza hataza yake, kwa kosa lile lile lililoiangusha AutoStore mbele ya mahakama ya Uingereza. Baadhi ya sheria, ikiwamo ya Kenya, humpa mvumbuzi miezi 12 ya neema baada ya kujitangaza, lakini Ulaya haina neema ya namna hiyo kwa mtu aliyejitangaza mwenyewe. Waandaaji wa maonyesho wangeweza kulimaliza tatizo hili kwa sharti moja: hakuna uvumbuzi unaopanda jukwaani kabla mwenyewe hajaulizwa kama ameshawasilisha ombi, na pale pale iwepo meza ya msajili ya kulipokea. Hataza ikiwa ghali, kuna hati ya uvumbuzi mdogo, yenye masharti mepesi na muda mfupi, ambayo inaifaa zaidi mashine iliyoboreshwa kuliko iliyobuniwa upya.

Nawaomba wasajili BRELA na KIPI, pamoja na SIDO ya viwanda vidogo, VETA ya mafunzo ya ufundi na KIRDI ya utafiti wa viwanda, wakae pamoja wachague hataza zilizokwisha muda katika mambo yanayotugusa: kubangua korosho, kukausha samaki, kusindika muhogo, kugandisha, kupima na kuhifadhi nafaka. Zitafsiriwe kwa Kiswahili pamoja na michoro yake, na zipelekwe karakana na vyuo vya ufundi, si kwenye makabati ya wizara. Nawe fundi unayesoma haya, ukiwa na mashine yako mpya chini ya turubai, iache humo mpaka upate risiti ya ombi lako yenye tarehe. Baada ya hapo iwashe popote.